Tunashuka Bure

Kiberiti kilinunuliwa kwa ajili ya Mama. Ndivyo ndugu walivyokiita kile kigari, kwa udogo wake na kwa wekundu wake uliopauka, mpaka hakuna aliyejali tena kilitengenezwa na nani. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi kilichomlegeza upande wote wa kushoto, na daktari alisema mazoezi ya viungo kila wiki bila kukosa, la sivyo mguu utasahau kazi yake. Teksi zilikuwa zinawamaliza. Basi watoto wake wawili, ambao tangu utotoni hawakuwahi kukubaliana hata kama dirisha lifungwe au liachwe wazi, wakachanga nusu kwa nusu wakanunua gari lililokwisha kuchoshwa na wengine.

Mkubwa alikuwa kaka, mshika stoo katika kiwanda cha magodoro. Mtu wa vipimo. Kazini kwake hakikutoka hata kipande cha sponji bila saini, na nyumbani, mkewe alisema kwa utani ambao haukuwa utani, hata chumvi iliingia chunguni kwa ruhusa. Mdogo alikuwa dada, mshona mapazia. Cherehani yake ilikaa barazani kwa Mama, na ndiye aliyemwogesha mama yao, akamvalisha, akamkatia kucha. Makubaliano yao yalikuwa mepesi. Siku ya mazoezi gari ni la Mama, na dada ndiye dereva. Siku nyingine kaka anakwenda nalo kazini. Mafuta, kila mtu anarudisha alichotumia.

Ugomvi ulizaliwa hapo, kwenye "alichotumia."

Mwanzoni Kiberiti hakikunywa mafuta, kilinusa tu. Majirani wenye magari makubwa walikuwa wakikisifia kwa kijicho. Kisha, bila mtu kujua lini hasa, kikaanza kunywa. Kaka alikiacha uani kwa Mama jioni, mshale wa mafuta umesimama wima, akirudi kukichukua akaukuta umelala. Mara ya pili alisimama mbele ya cherehani, funguo mkononi.

"Hospitali imehama?" aliuliza.

"Iko pale pale," dada alisema bila kuinua macho kwenye upindo.

"Basi mafuta yamekwenda wapi?"

"Yameungua. Ndiyo kazi ya mafuta."

"Mapazia nayo hayaendi kwa wateja kwa miguu yake."

Dada alisimamisha cherehani. "Nilipeleka mapazia mara mbili, na mara zote mbili nilijaza. Uliza kituoni. Na wewe, lile jenereta lako, umeme ukikatika unaliwasha kwa mate?"

Kaka alimtazama kama anavyomtazama kibarua aliyekutwa na sponji chini ya shati. Kweli alikuwa na jenereta, na kweli dada aliwahi kuona kipande cha mpira kimening'inia ukutani uani kwake, mpira wa kufyonzea mafuta, kama vile walivyo nao watu wengi. Kuanzia siku hiyo kila mmoja alikuwa na mwizi wake.

Mama alisikia yote kutoka chumbani. Alikuwa mkunga kabla hajastaafu, na alizoea kukaa kimya watu wakipiga kelele.

Kaka alianza kutoa amri. Kiyoyozi kisiwashwe. Gari lisingurume bure getini likimsubiri Mama avae viatu. Magurudumu yajazwe upepo. Dada alizifuata baadhi na nyingine akazifanya kusudi kinyume, akaacha gari lingurume getini mpaka jirani akachungulia. Jumamosi moja kaka alifungua buti, akakuta fimbo za chuma za kutundikia mapazia, mzigo mzima umefungwa kwa kamba. Mteja alikuwa ameketi barazani akichagua rangi. Kaka alizitoa zile fimbo na kuziachia kwenye sakafu ya saruji, moja moja, kila moja na mlio wake.

"Gari hili linabeba mgonjwa," alisema. "Halibebi duka."

Mteja aliaga akasema atarudi. Hakurudi.

"Umeniharibia kazi mbele ya mtu," dada alisema.

"Nimepunguza uzito. Uzito ni mafuta."

"Basi anza kupunguza kitambi chako. Ndicho kinachopanda gari kila siku."

Hawakusalimiana tena baada ya hapo. Salamu zilipita kwa Mama, au kwa wifi, mke wa kaka, ambaye alikuwa mwanamke mpole aliyechoka kubeba maneno makali pande zote mbili.

Halafu kaka akaja na kufuli. Kilikuwa kifuniko kipya cha tangi, cha kufungwa kwa ufunguo, na ufunguo wake ulikuwa mmoja. Alikifunga jioni, akaondoka kwa miguu bila kumwambia mtu. Dada alikijua kesho yake tu, kwenye kituo cha mafuta, Mama amekaa nyuma kajifunga mkanda, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi na muda wa mazoezi unakaribia.

Mjaza mafuta aligusa kifuniko, akakizungusha, akainama kukitazama. "Dada, hiki kimefungwa."

"Hakifungwi hicho."

"Kina tundu la ufunguo. Njoo uone."

Alishuka akaona. Noti ilikuwa imekunjwa kiganjani. Kisha akampigia kaka. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara hii ilikatwa kabla haijaita sana. Nyuma yake foleni ilianza kupiga honi, na mwenye pikipiki mmoja akauliza kama gari ni la wizi, watu wakacheka.

"Vunja," dada alisema.

"Mimi?" Mjaza mafuta alirudi nyuma. "Sivunji gari la mtu. Bosi wangu anatazama."

Akaenda mwenyewe kwenye buti, akatoa spana ya magurudumu, akaichomeka ubavuni mwa kifuniko na kukandamiza kwa uzito wake wote. Bati lilipinda kwanza, rangi ikabanduka, kisha kifuniko kikaruka na kubingirika chini ya gari la nyuma. Honi zilinyamaza. Dada alisimama wima, akitweta, na alipogeuka macho yake yakakutana na ya Mama dirishani. Mama alifumba macho tu, kama mtu anayesubiri uchungu upite.

Tundu la tangi lilizibwa kwa kitambaa cha pazia na mfuko wa plastiki, likafungwa kwa raba. Jioni kaka aliliona. Aliingia sebuleni bila kubisha hodi.

"Umevunja gari langu."

"Nusu yako haijaguswa. Nimevunja nusu yangu."

"Una akili timamu wewe?"

"Nilikupigia. Mama yako alikuwa kiti cha nyuma. Ulikata simu."

"Nilikuwa na watu ofisini."

"Ulikuwa unanikomoa," dada alisema. "Ila aliyekomolewa ni yeye. Tumechelewa, amekosa mazoezi. Muulize amelala vipi mchana huu, mguu ukimkakamaa."

Kaka alimgeukia Mama, na hapo Mama akasema. Maneno yake yalitoka polepole tangu augue, upande mmoja wa mdomo ukiachwa nyuma, lakini alipotaka asikike alisikika.

"Pimeni," alisema.

"Tupime nini, Mama?"

"Gari. Mnasema linakunywa. Mmoja anasema mwenzake anaiba. Lijazwe mpaka juu. Mwende nalo hospitali, mrudi. Lijazwe tena. Wote wawili ndani. Na mimi niwemo, nisije nikaambiwa hadithi mbili."

Kaka alikubali haraka, kwa sababu kilikuwa kipimo na vipimo vilikuwa nyumba yake. Dada alikubali kwa sababu alijua yuko safi. Kila mmoja alilala usiku huo akimwona mwenzake ameshaumbuka.

Waliondoka asubuhi ya siku ya mapumziko, barabara nyeupe. Kaka alikuwa amenunua kifuniko kingine, cha kawaida. Alimsimamia mwenyewe mjaza mafuta mpaka mafuta yakaonekana shingoni mwa tangi, akalitikisa gari kwa bega ili yashuke, akaongeza tena. Dada aliendesha kwenda. Mama alikaa nyuma katikati, mkono wake mzima, wa kulia, umeshika kiti cha mbele.

Safari yote kaka alikuwa na kazi ya ulimi.

"Badilisha gia. Injini inalia, husikii?"

"Nakusikia wewe."

"Unakimbilia taa nyekundu ya nini? Unakanyaga mafuta, halafu unakanyaga breki. Mafuta umeyatupa. Mguu wako mzito."

"Nikienda polepole unasema nachelewesha, nikikimbia unasema natupa. Sema unataka nisiendeshe."

"Nataka uendeshe kama mtu anayelipia."

"Nalipia. Tena nalipia na vitu ambavyo wewe hujawahi kuvishika. Umewahi kumbadilisha Mama shuka?"

Mama alipiga kiti cha mbele kwa kiganja. Wakanyamaza. Harufu ya kitu kilichoungua iliingia dirishani, kama ya raba iliyosahauliwa karibu na moto, na kila mmoja alidhani inatoka barabarani.

Hospitali ya mazoezi ilikuwa upande wa pili wa kilima. Walifika, wakageuza mbele ya geti bila kushuka, na kaka akashika usukani kwa zamu yake ya kurudi. Alijisogeza, akasawazisha vioo, akavuta pumzi kama mtu anayeingia kwenye mtihani aliousomea. Na kwa kweli aliendesha vizuri. Aliondoka taratibu, akapandisha gia mapema, akaziona taa kutoka mbali na kuachia gari liviringike lenyewe mpaka zikawa kijani. Dada alitazama nje akiuma shavu kwa ndani. Alijua anayoyaona ni kweli, na hiyo ilimchoma zaidi ya matusi.

"Unaona?" kaka alisema. "Gari halina tatizo. Tatizo ni mkono."

Walipanda kilima. Juu pale barabara inainama ghafla, inashuka ndefu kati ya maduka mpaka kwenye mzunguko, na mtu akiwa juu anaona mabati yote ya mtaa wa chini. Kaka alikanyaga klachi, akaweka gia huru. Kisha akanyoosha mkono, akageuza ufunguo, akazima injini.

Ukimya ulikuwa wa ghafla. Upepo tu dirishani na magurudumu kwenye lami.

"Umefanya nini?" dada alisema.

"Tulia."

"Washa gari."

"Kwa nini niunguze mafuta kwa njia ambayo mlima unatupa? Nafanya hivi kila siku. Tunashuka bure."

"Washa gari, Mama yumo."

"Hivi ndivyo mtu anavyobana matumizi. Tazama ujifunze."

Gari lilikuwa linapata mwendo. Waliyapita maduka ya kwanza, kinyozi, muuza viti. Mbele, nje ya duka la vifaa vya ujenzi, lori lilikuwa limesimama nusu barabarani, vijana wanashusha mabomba. Kaka aliliona mapema. Alikanyaga breki, gari likapungua kidogo, akaachia ili asipoteze mwendo wote. Kutoka upande wa pili basi dogo likaanza kupanda, kwa hiyo nafasi ya kupita ikafungwa. Akakanyaga tena. Mara hii pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Breki za gari dogo kama lile zinasaidiwa na injini, na injini ilikuwa imelala, na ule msaada mdogo uliobaki alikuwa ameshautumia.

"Kanyaga," dada alisema.

"Nimekanyaga."

"Kanyaga!"

Alisimamia pedali kwa miguu miwili, makalio yakiacha kiti. Gari lilipungua mwendo, lakini si kwa kiasi cha kutosha. Alitafuta ufunguo kwa mkono mmoja, akaukosa, akaupata, huku akiuvuta usukani ambao nao umegeuka mzito kama gurudumu la kisima. Mabomba nyuma ya lori yalikuwa yametokeza, vinywa vyao wazi, usawa wa kioo. Dada alishika usukani upande wake na kusukuma. Wawili wao, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, walivuta upande mmoja. Kiberiti kilipinda, kikapita ubavuni mwa mabomba, kikaanguka na gurudumu moja kwenye mfereji wa maji na kugonga ukuta wa kivuko cha duka.

Vijana wa lori ndio waliofungua milango. Kaka alikuwa na damu puani. Dada alikuwa mzima, masikio yanavuma. Mama alikuwa ameegemea kiti cha mbele, na mkono wake wa kulia, aliokuwa ameunyoosha kujizuia, umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki.

"Usinivute," alimwambia kijana mmoja kwa sauti ya kazini. "Lete ubao na khanga. Funga kwanza, ndipo uninyanyue."

Ulikuwa mkono wake pekee uliofanya kazi. Ndio aliokuwa akilia chakula, akichania nywele, akishikilia fimbo ya kutembelea. Ulifungwa plasta kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko, na alipotoka hospitali hakuweza hata kujifuta machozi, kama angekuwa nayo. Dada alimlisha kwa kijiko. Alihamishia kitanda chake chumbani kwa Mama. Mapazia ya watu yalichelewa, wengine wakaja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa.

Kaka alikuja kila jioni. Alileta matunda, dawa, mto wa sponji nzuri ya kiwanda aliouletea risiti. Alikaa ukingoni mwa kiti na kumwambia Mama habari za kazini. Dada akiingia, yeye alitoka. Hakusema samahani, kwa yeyote. Dada aliingoja kama mtu anavyongoja maji ya bomba, sikio moja daima liko kule.

Badala yake alisikia habari nyingine. Wifi ndiye aliyeileta, kwa nia njema, akimenya machungwa jikoni.

"Mungu mkubwa, wifi. Na breki zikikataa hivyo mtu unafanya nini?"

"Breki zipi?"

"Si zilikataa? Kaka yako amewaambia watu wote. Kwamba mlikuwa mnashuka, breki zikakataa."

Dada aliweka kisu chini. "Alizima gari, wifi. Alizima gari kwenye mteremko ili abane mafuta, mama yake akiwa ndani."

Wifi aliendelea kumenya, ila polepole. "Sikulijua hilo," alisema hatimaye. "Lakini naliamini. Na mimi ananishusha hivyo hivyo."

Gari lilikuwa gereji wakati huo, na kaka ndiye aliyelipia matengenezo. Fundi alimpigia dada akachukue, kwa sababu namba yake ndiyo iliyoandikwa. Alimkuta ameliinua upande mmoja, gurudumu la nyuma limetolewa.

"Bampa na taa nimemaliza," fundi alisema. "Lakini njoo, hili lingewasumbua. Breki ya huku ilikuwa imeshika, haiachii hata ukiondoa mguu. Hamkusikia harufu?"

"Harufu ya nini?"

"Ya breki kuungua. Limetembea hivi siku nyingi. Ni kama mtu anakimbia huku kashikwa shati kwa nyuma. Lazima lilikuwa linakula mafuta kweli kweli."

Dada alisimama akitazama kile chuma kilichobabuka kwa joto. Alikumbuka jenereta, alikumbuka mpira ukutani, alikumbuka sauti za fimbo za chuma kwenye saruji. Hakuna aliyeiba. Alimpigia kaka hapo hapo, kabla hasira haijamzuia.

"Breki ya nyuma ilikuwa imeshika," alisema. "Ndiyo iliyokuwa inakula mafuta. Mimi sikuiba, na wewe hukuiba."

Alimsikia kaka akifunga mlango upande wa pili.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Si ndiyo nilichosema? Breki zilikuwa mbovu."

"Zilikuwa zimeshika. Wewe unawaambia watu zilikataa."

"Breki ni breki," kaka alisema, akakata.

Mjomba, mdogo wake Mama, aliitisha kikao mwenyewe. Alikuwa mzee wa maneno machache, dereva wa malori mpaka macho yalipomgomea, na habari ile ya breki ilikuwa haimkai sawa. Walikutana sebuleni Jumapili alasiri: mjomba, kaka na mkewe, dada, na Mama kwenye kiti chake, plasta imelazwa juu ya ule mto wa sponji.

"Nimeendesha maisha yangu yote," mjomba alisema. "Breki haikatai mara moja ikarudi. Nataka nijue dada yangu amevunjikaje mkono. Ninyi wawili nawajua, kila mtu atavutia kwake. Namuuliza mwenyewe."

Dada alihisi kifua kinamfunguka. Miezi yote ile, ya kuitwa mwizi na kuaibishwa mbele ya mteja, sasa imefika mbele ya mtu atakayesema ukweli bila kuulizwa mara mbili. Alimtazama kaka. Kaka alikuwa anatazama vidole vyake, na shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Mama alivuta pumzi. Alimtazama mwanawe, kisha akamtazama binti yake.

"Breki zilikataa," alisema.

Mjomba hakuridhika. "Injini ilikuwa inawaka?"

"Mimi nilikuwa nyuma. Nimesema breki zilikataa. Yaishe."

Dada alinyanyuka. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, umenitazama machoni ukasema hivyo," akatoka barazani na kuketi kwenye cherehani yake bila kushona. Nyuma yake alisikia vikombe, mjomba akikohoa, wifi akilia kwa chini. Hakumsikia kaka kabisa.

Jua lilikuwa limeshuka kaka alipotoka. Alisimama pale pale alipowahi kusimama akiuliza kama hospitali imehama, lakini safari hii uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeshindwa kutapika. Aliweka funguo za gari juu ya meza ya cherehani, zote mbili, na karatasi ya umiliki chini yake.

"Liwe lako," alisema. "Nusu yangu sitaki."

"Sikukuomba gari."

"Najua." Alizisogeza funguo kidogo. "Mama asingesema vile, mimi ningesema."

"Alipokuwa anavuta pumzi ulikuwa na nafasi," dada alisema. "Alipomaliza ulikuwa nayo pia. Mpaka sasa unayo. Mjomba yuko ndani."

Kaka aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, na kwa muda ilionekana kama mguu utafuata. Kisha akashuka ngazi za baraza, akaenda zake kwa miguu, mkewe akimfuata kwa nyuma na mkoba wake.

Plasta ilipotolewa mkono ulikuwa umekonda na haukunyooka vizuri, ila ulishika kijiko. Mazoezi yakaongezwa, sasa ya pande zote mbili. Dada aliendesha. Kiberiti kilirudia unyonge wake wa zamani wa kunusa mafuta tu, na hakuna aliyekuwapo wa kuambiwa. Kwa siku nyingi ndani ya gari palikuwa na maneno ya lazima: funga mkanda, inua mguu, tumefika.

Siku moja, wakirudi, foleni ikiwa imesimama, Mama alisema kutoka nyuma, "Bado una hasira na mimi."

"Ndiyo."

"Angesemwa mbele ya mkewe na mjomba wake, asingerudi tena nyumbani kwangu. Ninamjua. Nimemzaa."

"Na mimi ulinizaa."

"Wewe nilijua hutaondoka."

Dada aliushika usukani kwa nguvu. Alitaka kumwambia kwamba hilo ndilo linalouma, kwamba mtu asiyeondoka ndiye anayekanyagwa kila siku, lakini macho yalimjaa na foleni ikaanza kusogea. Mtu wa nyuma alipiga honi. Aliweka gia ya kwanza, akaondoka kwa pupa, injini ikalia.

"Badilisha gia," Mama alisema.

"Niache, Mama," alijibu, na hakubadilisha mpaka alipotaka mwenyewe.